Injini ya Prado ikifa Kusini: urudishe 1KZ, uhamie 1KD au ufunge 5L?

Toyota Prado za KZJ95 na Hilux Surf za KZN185, zenye injini ya 1KZ-TE, bado zipo nyingi Mtwara na Lindi. Zina turbo, zinatumia dizeli, chesisi yake ni ngumu, na zinapita kwenye mchanga wa Tandahimba na tope la Liwale ambako gari dogo halithubutu. Udhaifu wake ni mmoja na kila fundi anaujua: injini ya 1KZ-TE ikichemsha vibaya hata mara moja, hedi (kifuniko cha juu cha silinda) inaweza kupasuka. Ndipo mwenye gari anajikuta gerejini katikati ya washauri watatu. Wa kwanza anamwambia atafute 1KZ nyingine. Wa pili anasema hiyo ni injini ya kizamani, afunge 1KD, dizeli ya Toyota iliyokuja baadaye (D-4D), amalize tabu. Wa tatu, mara nyingi mzee aliyeendesha Hilux za kazi miaka mingi, anasema afunge 5L, dizeli ya Toyota isiyo na turbo, alale usingizi.

Wote watatu wana hoja. Kinachokosekana kwenye mazungumzo hayo ni swali la gari linaishi wapi, linanunua mafuta wapi, na likizima saa mbili usiku kati ya Nanganga na Ndanda nani atalifungua. Wengi wanachagua kwa kuangalia nguvu. Kwangu nguvu ni kigezo cha mwisho kabisa, na nitaeleza kwa nini. Kwanza tuziweke pamoja.

| | 1KZ-TE | 1KD-FTV | 5L |
|---|---|---|---|
| Ukubwa | cc 2982 | cc 2982 | cc 2986 |
| Silinda na valvu | 4, valvu 8 | 4, valvu 16 | 4, valvu 8 |
| Turbo | Ipo | Ipo, ya mabawa yanayojigeuza | Hakuna |
| Mafuta | Pampu yenye kidhibiti cha umeme | Komoni reli (bomba moja la presha linalolisha nozeli zote) | Pampu ya kawaida isiyo na kompyuta |
| Farasi | 125 hadi 145 | 163 hadi 173 | Karibu 95 |
| Msukumo | Nm 290 hadi 340 | Nm 343 hadi 410 | Karibu Nm 200 |
| Mkanda wa taimingi | Upo | Upo | Upo |

Ukiangalia tarakimu peke yake, 1KD imeshinda. Tena ni mrithi halali wa 1KZ: ilianza kufungwa kwenye Prado mwaka 2000, kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni ni vilevile, mm 96 kwa 103. Tofauti kubwa iko juu ya bloku na kwenye njia ya mafuta.

Kwenye 1KZ nozeli hurushia dizeli ndani ya chumba kidogo kilichochongwa kwenye hedi. Moto unaanzia humo, kisha unatoka kwenda kusukuma pistoni. Maana yake hedi ya aluminiamu inabeba joto kubwa sana sehemu ndogo, na ndiyo sababu nyufa hutokea kati ya valvu na kando ya kile chumba. Kwenye 1KD nozeli hurusha dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,300. Dizeli inaungua vizuri zaidi, joto linalopotelea kwenye maji ni dogo, na gari linakula mafuta kidogo kwa kazi ileile. Kwa hesabu ya joto basi, 1KD ni hatua mbele kweli.

Joto na mpando

Fikiria safari ya kutoka Masasi kupanda Newala msimu wa korosho. Gari limejaa watu na mizigo, AC inawaka, gia ni otomatiki. Oili ya giaboksi inapozwa ndani ya rejeta ileile inayopoza injini, kwa hiyo rejeta tayari inabeba kazi mbili. Kondensa ya AC iliyo mbele yake inaongeza ya tatu. Kama rejeta imeziba nusu kwa chumvi ya maji ya kisima, hakuna injini kati ya hizi itakayofurahia mpando ule, ila ya kwanza kufa ni 1KZ.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema 1KZ ni injini mbovu. Nyingi zinazokufa huku Kusini zimeuawa na vitu vinavyoizunguka: rejeta iliyoziba, feni ambayo klachi yake imechoka na inazunguka kwa uvivu, maji matupu badala ya kulanti (maji ya rejeta yenye dawa), na thamostati (valvu inayofungulia maji njia ya rejeta) iliyotolewa. Hilo la mwisho linaniuma zaidi kwa sababu linafanywa kwa nia njema. Fundi anakwambia, "Bosi, tuitoe hii thamostati, huku kwetu joto." Mkatalie kwa heshima. Thamostati ya injini hizi ikifunguka inaziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humohumo bila kupoa. Barabara tambarare ya Mtwara hadi Mnazi Mmoja utaona mambo shwari. Mpando wa Newala utakuonyesha.

Jambo jingine ni mshale wa joto kwenye dashibodi. Kwenye Toyota hizi mshale umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kwa kiasi kikubwa. Ukiuona umeanza kupanda, umechelewa. Kwa yeyote anayebaki na 1KZ, kitu cha kwanza kununua ni geji ndogo ya pembeni yenye sensa inayofungwa kwenye hedi yenyewe. Bei yake haifiki hata robo ya gharama ya kushusha injini.

Kwa hiyo kwenye joto: 1KD inaongoza, 5L inafuata kwa sababu haina turbo na haifanyi kazi kwa presha kubwa, na 1KZ ni ya tatu lakini inaokoleka. Ila kumbuka, ukifunga 1KD kwenye rejeta ileile iliyoua 1KZ, umehamisha msiba tu.

Mafuta

Hapa mambo yanageuka. Ukiwa Mtwara mjini, Lindi, Masasi au Nachingwea, unajaza kwenye kituo. Tangu 2010 mafuta yanawekwa vinasaba (kemikali za utambuzi) ili uchakachuaji ujulikane, na kituo chenye jina la kulinda kina sababu ya kuuza dizeli safi. Lakini wengi wetu gari linafika mahali ambako dizeli inauzwa kwenye dumu chini ya mkorosho, nayo imepita kwenye pipa, ikapita kwenye mpira, ikapita kwenye faneli yenye vumbi. Hujui kama ina maji, hujui kama imechanganywa na mafuta ya taa.

5L huyavumilia hayo kuliko hizo nyingine mbili. 1KZ itavumilia kwa muda, ingawa pampu yake nayo ina valvu ya umeme, na dizeli chafu ikizoeleka pampu huanza kuvuja au gari linakosa nguvu likipata moto. 1KD haivumilii. Nozeli zake zina nafasi ndogo mno kati ya chuma na chuma, na ile valvu inayopima dizeli ya kuingia kwenye pampu ya presha huanza kukwama. Dalili zake ni sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) kupanda na kushuka yenyewe, kisha gari kuzima ukiachia pedali. Mafuta ya taa yanaondoa ule utelezi wa dizeli unaoilinda pampu, na pampu ikianza kusagika inapeleka unga wa chuma kwenye nozeli zote nne. Hapo bili yake inaweza kuzidi bei uliyonunulia injini.

Dawa ipo: chujio la pili lenye kikombe cha kutenganisha maji, linalofungwa kabla ya lile la kiwandani, na tabia ya kulimwaga kila wiki. Kama hutalifanya hilo, usihamie 1KD. Nasema hivi bila kupunguza.

Umeme, chumvi na fundi wa karibu

1KZ-TE ina kompyuta, lakini ni ya kizamani kwa maana nzuri. Taa ya injini ikiwaka, fundi anachukua kipande cha waya, anaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya kupimia, anawasha switchi na kuhesabu taa inavyokonyeza. Idadi hiyo ndiyo namba ya tatizo. Kazi hiyo inafanyika Kitangari, inafanyika Liwale, haihitaji mashine.

1KD inahitaji mashine ya kupimia, na fundi anayeelewa anachokisoma. Nozeli za matoleo ya baadaye kila moja ina namba zake ambazo lazima ziingizwe kwenye kompyuta ukizibadilisha, vinginevyo injini itagonga na kutoa moshi hata kama nozeli ni mpya. Faida ni kwamba Hilux za umbo la mwaka 2005 kuendelea na Hiace nyingi zina 1KD au mdogo wake 2KD, kwa hiyo Mtwara mjini na Masasi mafundi wanaoijua wapo na vipuri vinapatikana kirahisi kuliko vya 1KZ. Kwa anayeishi mjini hoja hiyo ina uzito. Nje ya mji inapungua haraka.

Halafu kuna hewa ya bahari. Gari linalolala Shangani au Mikindani linavuta chumvi usiku kucha. Chomoa soketi yoyote ya waya upande wa chini wa injini, utakuta pini zimeota ukungu wa kijani. Soketi ya 1KZ ikioza mara nyingi unapoteza kitu kimoja na gari linatembea hivyohivyo hadi nyumbani. Kwenye 1KD, sensa ya presha ya reli ikipoteza mguso gari linaweza kuzima palepale. Wayaringi iliyokatwa na kuungwa kwa mkono, kisha ikafungwa selotepu nyeusi, haiwezi kudumu kwenye hewa hii. Nimeziona kazi za namna hiyo nyingi, na karibu kila anayelalamikia 1KD yake hapa, shida yake inaanzia kwenye viungio vya waya, siyo kwenye injini.

Ukiamua 1KD, nunua gari nusu

Injini tupu ya 1KD ni mtego wa bei. Unachotakiwa kununua ni noskati (sehemu yote ya mbele ya gari lililokatwa), au angalau kifurushi kamili: injini, wayaringi nzima bila kukatwa, kompyuta, pedali ya mafuta yenye sensa, intakula (kipoza hewa ya turbo) na mabomba yake, giaboksi, na kama gari lililotolewa lilikuwa na kinga ya wizi, ufunguo na switchi yake. Giaboksi ya otomatiki inapokea amri kutoka kwenye kompyuta. Ukiweka kompyuta ya 1KD juu ya otomatiki ya zamani bila mpango, gia zitabadilika ovyo au gari litabaki kwenye gia moja.

Asili ya injini nayo ina maana. Bora kuliko zote ni iliyotoka kwenye Prado KDJ95 au Surf KDN185 za 2000 hadi 2002, kwa sababu mwili ni uleule na mauntingi, mabomba na soketi zinakaa mahali pake. Ya Prado 120 inafungika, kwa kazi zaidi ya umeme. Ya Hiace ndiyo inayoletwa kwa bei ya kuvutia, lakini sampu (bakuli la oili chini ya injini) na mabomba yake yametengenezwa kwa gari ambalo injini inakaa chini ya viti, na utaishia kununua vipande kimoja kimoja hadi akiba iishe. Angalia pia boneti: kama Prado yako ni ile isiyo na intakula wala tundu la hewa juu, intakula ya 1KD haitapata upepo mpaka ubadilishe boneti.

Kwenye kuipima, usiridhike na kuisikia ikinguruma. Mwombe muuzaji sampu ifunguliwe. Ugonjwa mkubwa wa 1KD huanza juu: sili za shaba chini ya nozeli zikilegea, moshi wa moto unaingia kwenye oili, oili inageuka masizi mazito, na masizi yanakwenda kuziba chujio la kufyonzea oili ndani ya sampu. Dereva anaona taa ya oili inakonyeza asubuhi, anaongeza oili, wiki mbili baadaye injini imenoki. Chujio likiwa na ukoko mweusi, ondoka. Na kwa zile za kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ulizia kuhusu pistoni, maana matoleo hayo yamejulikana kwa pistoni kupasuka.

Ukirudisha 1KZ

Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote: inatoka, inaingia, kila soketi inajua mwenzake. Lakini 1KZ used usiichukulie hedi yake kwa imani. Nyingi zilitoka Japani zikiwa zimeshachoka, na nyingine zimeshazunguka humuhumu nchini. Nunua injini kwa ajili ya bloku, krenki na pampu, na hedi ipeleke ikapimwe kwa presha ikiwa ya moto kabla haijafungwa. Ikiwa na ufa wowote, weka hedi mpya. Wapo wanaosema ichomelewe. Mimi siishauri kwa gari linalopanda milima. Kama bloku yako ya zamani haijakwaruzika na haili oili, huhitaji hata injini nyingine: hedi mpya, gasketi, rejeta iliyofunguliwa na kusafishwa, klachi ya feni, thamostati na kulanti, basi.

Kitu kidogo kinachosahaulika: ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi inahesabu kilomita za gari, haihesabu za injini. Injini uliyoifunga jana inaweza kuwa na mkanda uliochoka na taa isiseme lolote kwa miaka. Badilisha mkanda na tenshena ikiwa bado iko chini, kabla ya kuipandisha. Vivyo hivyo kwa 1KD.

5L

Itakuchukua popote na fundi yeyote wa Kusini ataifungua kwa spana za kawaida. Wala si jambo la ajabu kwenye mwili huu, kwani Toyota wenyewe waliuza Prado za umbo hili zenye injini za familia ya L kwenye baadhi ya masoko. Chukua na giaboksi yake ya manyuo (ya kubadilisha gia kwa mkono), maana usitegemee kwamba itakaa kwenye ile ya 1KZ. Bei ya utulivu huo ni mwendo. Farasi 95 kwenye gari la karibu tani mbili ni wachache, na kwenye barabara ya Dar, kulipita lori la saruji la Dangote kunahitaji nafasi ndefu na subira. Kuna watu wanaifunga turbo ya 1KZ juu yake wapate nguvu. Hapo wameikosa injini tulivu na hawajapata yenye nguvu.

Petroli ya 3RZ, cc 2693, nayo inatajwa. Ni injini nzuri, ina cheni, na ilifungwa kwenye Prado hizihizi kiwandani. Kwa safari ndefu za Kusini itakula mafuta kuliko hizi tatu, kwa hiyo ni ya mtu wa mjini.

Ningechagua nini

Kwa gari linalolala Newala, Tandahimba, Liwale au Nanyumbu na kujaza dumu mara kwa mara, narudisha 1KZ yenye hedi mpya, na fedha ambayo ningeipeleka kwenye 1KD naimalizia kwenye rejeta na geji. Inatosha kupanda, inatosha kwenda Dar, na haimwachi mtu porini kwa ajili ya sensa moja.

Kwa anayeishi Mtwara mjini, Lindi au Masasi, anayekwenda Dar kila mwezi na kujaza kituoni, 1KD ina faida anayoiona kila safari: inakula kidogo, inapita magari kwa usalama, vipuri vipo. Ila awe na fedha ya noskati yote kwa mkupuo. Aliye nayo nusu asianze, kwa sababu gari lililofunguliwa likisubiri pesa gerejini linapungua vitu.

5L naiweka kwa gari la shamba na la kubeba mizigo ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), lisilo na haraka, au kwa mzazi anayeachia vijana waendeshe na hataki kusikia habari za kompyuta.

Karatasi

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, kadi na gari vinapingana mpaka taarifa zibadilishwe TRA (Mamlaka ya Mapato). Dai risiti na nyaraka za forodha za injini kabla hujalipa, na hakikisha namba iliyopigwa kwenye bloku ndiyo iliyo kwenye nyaraka. Isome mwenyewe injini ikiwa bado sakafuni, futa grisi kwa kitambaa na upige picha, kwa sababu ikishafungwa kwenye chesisi hutaiona tena bila taa na kioo. Kamilisha mabadiliko hayo mapema, kwani siku ya kuuza gari, au siku ya ajali bima wanapokagua, hakuna atakayekuwa na muda wa kukusikiliza ukieleza 1KZ ilikwenda wapi.